Kiwiko cha Nahodha

Alikozaliwa Nahodha sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Mimi nilimjua kwa mgongo. Miaka minne niliendesha baiskeli nyuma yake kila Jumapili, kutoka Kings Heath, mtaa mmoja wa Birmingham, hadi nje ya mji, kwenye zile barabara nyembamba zenye michongoma huku na huku. Mgongo wa mtu ukiutazama miaka minne unauzoea kama uso. Nilijua bega lipi hushuka akichoka na shingo hukaaje akiwa amekasirika. Nilijua pia jambo moja ambalo wengine hawakulijua, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Klabu yetu ilikuwa ya watu kumi na wawili hivi, Watanzania, Wakenya na Wakongo wawili, wote tumeshapita umri wa kusifiwa. Yeye hatukumchagua. Alikuwa mkubwa kwetu, alijua njia, na alikuwa na sauti. Mtu wa kwanza aliyemwita Nahodha alikuwa anamtania, lakini jina likamkaa mpaka tukasahau kwamba wazazi wake walimpa jingine.

Kwenye mfuko wa nyuma wa jezi yake alibeba daftari la shule lililokunjwa mara mbili na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi. Humo aliandika nani anakuja lini. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunajuana: mtu akikuambia "nitakuja Jumapili, Mungu akipenda," ujue ameshakuaga. Nahodha alikuwa hakubali. Unasema Jumapili, anatoa daftari, anailamba ncha ya penseli, anauliza, "Jumapili ipi?" Unaanza kujikunakuna. "Mungu hana neno," anakwambia, "mie nakuuliza wewe." Kuna watu walihama klabu kwa sababu ya swali hilo tu.

Kazini kwake alikuwa hivyohivyo. Alikaa kwenye kibanda cha mizani katika kiwanda cha taka, Tyseley, akipima malori yanapoingia yamejaa na yanapotoka matupu. Mimi nilikuwa fundi kwenye karakana mtaa wa pili, na siku nyingine nilimpelekea chai. Siku moja dereva aliingia na utingo wake, akataka kutoka bila utingo. Nahodha akafungua kidirisha: "Yule mwenzio mrejeshe. Nilimpima." Dereva akacheka, akadhani ni mzaha. Lori halikutoka mpaka utingo alipopanda. Yeye mwenyewe alipenda kujipima kwenye mizani ile pamoja na baiskeli yake, ingawa ilikuwa mizani ya malori, haijui kilo moja moja. Wiki moja ilimwambia themanini, wiki ya pili mia moja, na yote mawili aliyaandika daftarini kwa heshima zote.

Katika mashindano yetu ya maili kumi, ambapo kila mtu huondoka peke yake na kushindana na saa, aliwahi kukata kona vibaya kwenye kiplefti, akapita ndani ya alama badala ya nje. Hakuna aliyemwona. Alipofika mwisho alikwenda moja kwa moja kwa Katibu, Mkenya mmoja mpole aliyekuwa akifundisha kompyuta chuoni, akamwambia, "Niongezee sekunde ishirini." Katibu akasema, "Nahodha, si hakuna mtu alikuona?" Akajibu, "Mie nilikuwepo." Akaongezewa, akashuka hadi nafasi ya tano, akaenda kula tende zake.

Lakini msije mkadhani nawachorea mtakatifu. Alikuwa mwongo pia, na uongo wake ulikuwa wa aina yake. Umri wake ulikuwa hamsini na mbili mwaka nilipomkuta, na miaka minne baadaye ulikuwa bado hamsini na mbili. Alidharau zile jeli tamu za wanamichezo, aliziita gundi, na siku moja nikamkuta nyuma ya gari anafyonza moja. Na hakuna binadamu aliyepaliwa na maji kama yeye. Akianza kukohoa mlimani, "nimepaliwa." Akisimama ghafla pembeni ya barabara, ameshika magoti, "nimepaliwa." Siku ambazo hata chupa hakubeba, alipaliwa vilevile. Tulikuwa tukimcheka, nami nilikuwa mmoja wa wachekaji.

Kitu kikubwa alichotufundisha ni kupanga mstari. Anayekaa mbele anaukata upepo, walio nyuma wanapumzika. Akichoka anatikisa kiwiko cha kulia, mara moja tu, kama mtu anayefukuza inzi. Maana yake: zamu yako, pita mbele, ubebe upepo. "Kiwiko kikicheza usiulize," alituambia. "Ukiuliza, mwenzio keshakufa." Aliyejifanya hakuona kiwiko alisemwa njia nzima. Kwake hiyo ilikuwa dhambi mbaya kuliko kushindwa, mbaya kuliko kuchelewa.

Siku niliyoijua siri yake kulikuwa na baridi kavu, na wengine walikuwa wametuacha mlimani kule Lickey. Nahodha alishuka kwenye baiskeli, akakaa kwenye majani, midomo imegeuka rangi ya majivu. Kifua kilikuwa kikipiga mluzi. Alinionyesha mfuko wa nyuma. Nikatoa daftari, akatikisa kichwa. Nikatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Ndani yake kulikuwa na inhela ya buluu, ile ya wagonjwa wa pumu. Alivuta, akahesabu kwa vidole, akavuta tena. Baada ya robo saa rangi yake ikarudi, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Apa."

"Niape nini, Nahodha?"

"Kuwa hukuona. Siri ni amana, mwanangu. Apa."

Nikaapa. Ndipo akanieleza. Binti yake wa pekee alikuwa ameletewa posa, na mjomba wa huyo kijana alikuwa mwenzetu wa klabu, yule ambaye sote tulimwita Mjomba. Ndiye familia yake ilimtegemea kwa kupeleleza watu. Nilimwambia pumu si aibu, hapa kila darasa la watoto lina inhela mbili tatu.

"Wewe waitazama Birmingham ya dirishani," akasema. "Funga pazia uone kama ni Birmingham. Wataniuliza: na bibi yake alikuwa nayo? Na watoto watakaozaliwa? Mwizi huozesha binti yake, bwana. Mgonjwa huulizwa maswali."

Kuanzia siku hiyo nilibeba inhela yake ya akiba kwenye mfuko wangu, ili ikimshika tena njiani asipekuliwe na mtu mwingine. Yake ya kila siku ilibaki ndani ya leso. Akihitaji, alikwenda nyuma ya michongoma, akajifunika leso usoni kama mtu anayepenga kamasi.

Hapa lazima niseme jambo langu, maana nikiliruka nitakuwa nimeandika picha ya mtu mmoja na kumficha mwingine. Miaka ile magazeti yalijaa habari za waendesha baiskeli wakubwa na dawa zao, na inhela nazo zilitajwa. Nikajiambia, kama inamfungua mzee mgonjwa, mimi mzima itanirusha. Asubuhi moja ya mazoezi nilijificha chini ya mlima, nikavuta mara nne kutoka kwenye ile ya akiba, dawa ya mtu aliyeniamini. Moyo ukaanza kwenda kama mashine ya kukoboa. Mikono ikatetemeka hata gia sikuweza kubadilisha vizuri. Nikapanda mlima kwa muda uleule wa wiki iliyotangulia, na sekunde mbili juu yake.

Nahodha alinitazama mikono. "Yacheza ngoma gani hiyo?"

"Baridi tu, Nahodha."

Akautazama mfuko wangu. Hakuwa amekasirika. "Ile dawa yafungua mlango uliofungwa," akasema taratibu. "Wako u wazi. Wafungua nini?" Nikangoja aniambie nimrudishie. Hakuniambia. Aliniachia vilevile niendelee kuibeba, na mpaka leo naona aibu kwa hilo kuliko angenitukana.

Kwa hiyo nilijua, na nilijua kwa mwili wangu mwenyewe, kwamba kile kitu hakimpi mtu kikombe.

Mwisho wa majira ya joto tukafanya mashindano yetu ya mwaka, maili kumi, kikombe kimoja cha bati kilichopakwa rangi ya fedha. Nilikuwa nimejiandaa mwaka mzima. Nilikuwa nimeacha chapati, nimenunua viatu vya bei mbaya, nimemwambia mke wangu kwamba safari hii ni mimi. Nahodha akanishinda kwa sekunde saba. Mzee wa hamsini na mbili, au hamsini na sita, au Mungu ajua ngapi.

Mjomba akamwendea Katibu kabla hata hatujavua kofia. Alisema amemwona Nahodha nyuma ya michongoma kabla ya zamu yake, amejifunika leso, anavuta kitu. Alipotoka alikuwa mtu mwingine.

Alasiri ileile tukakaa kikao kwenye chumba cha juu ya duka la simu, Kings Heath, ambako tulikuwa tukifanyia mikutano. Kumi na wawili tumezunguka meza, kikombe katikati, tumevaa jezi zetu zenye jasho. Mimi nilikosa nafasi mezani, nikakaa kwenye kiti cha pembeni nyuma ya Nahodha, karibu na dirisha. Inhela ya akiba ilikuwa mfukoni mwangu, na nilipoegemea kiti ikanichoma mgongoni.

"Nahodha," Katibu akasema, "wewe ni mzee wetu. Tuonyeshe tu hiyo kitu iko kwa leso, tumalize hii maneno."

"Ni yangu," Nahodha akajibu.

"Ni yako, sawa. Lakini ni nini?"

"Nimesema ni yangu."

Mjomba akacheka kwa pua. "Mtu msafi hafichi, ati."

Nahodha hakumtazama. Angefungua ile leso, kila mtu pale angejua mara moja ni pumu, na Mjomba angejua wa kwanza. Aliiwekea mkono juu, pale mezani. Niliona bega lake la kushoto likishuka.

Katibu alikuwa mwema, siwezi kumlaumu. Alijifuta uso, akatuangalia mmoja mmoja. "Wazee, hebu tufanye hivi. Kama kuna mtu hapa anajua, amsimamie. Hata asituambie ni nini. Aseme tu, huyu namjua, hajaiba. Nitafunga hii stori na kikombe ataenda nacho."

Mnaona? Hakuniomba siri. Aliomba maneno matatu, na hata kiapo changu yasingekigusa. Nahodha alikuwa ameketi mbele yangu, mgongo kwangu, ule mgongo nilioujua. Na kiwiko chake cha kulia kikatikisika. Mara moja tu, kama mtu anayefukuza inzi.

Nikatazama viatu vyangu vipya.

Nikajiambia nimeapa. Nikajiambia siri ni amana, na mwenye amana hafungui mdomo hata kidogo, maana nikisema namjua wataniuliza nimejuaje. Nikajiambia kiwiko kile ni mazoea ya mwili, mzee amechoka. Yote hayo niliyapanga vizuri kabisa kwa muda wa pumzi tatu. Na chini yake kulikuwa na jambo moja dogo, la kitoto, ambalo sikulitazama: wa pili nilikuwa mimi.

Katibu akasubiri. Kisha akakisukuma kikombe upande wangu, polepole, bila kuniangalia. Wa kwanza kunipa mkono alikuwa Nahodha. "Hongera, mwanangu," akasema, akaichukua leso yake akashuka ngazi. Tukasikia kengele ya mlango wa duka.

Alikuwa amesema kweli juu ya wezi. Binti aliolewa, katika ukumbi mmoja kule Aston, na Mjomba alikuwa wa kwanza kucheza. Alimtania Nahodha mbele za watu, akamwita Bwana Leso, na Nahodha akacheka kama wengine. Mimi nilikula biriani sahani mbili. Ugonjwa haukuulizwa.

Klabuni hakurudi tena. Watu wawili watatu waliwahi kumwona alfajiri akiendesha peke yake kando ya mfereji, hana wa kumkatia upepo. Sisi tukaendelea. Wakija wageni, mtu alikuwa akiwasimulia kile kisa cha nahodha wetu wa zamani aliyevuta madawa ndani ya leso, na kisa kilinoga kila kiliposimuliwa. Siku moja kilisimuliwa mbele yangu, kikafika pahali pa kuchekwa, na nikacheka. Kikombe mke wangu alikiweka juu ya friji akawa anatia funguo.

Miaka sita ikapita hivyo, nami katikati yake nikaacha kwenda klabuni. Mwezi uliopita nilikuwa Kings Heath, natoka kununua mihogo, nikamwona binti wa Nahodha kwenye benchi na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Alikuwa amemvalisha mtoto kibomba cha plastiki mdomoni, na mwisho wa kibomba kuna inhela ya buluu. Watu wanapita, mabasi yanapita, mtoto anavuta huku akinitazama.

"Ana pumu?" nikauliza kwa sauti ya chini.

Akanijibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham, kwa sauti ya juu, kwamba ndiyo, na nusu ya watoto shuleni kwao wanayo. Nikamuuliza wakwe wamesemaje. Akacheka sana. "Them lot? Wote wanayo, Uncle! Mjomba's got two. Moja anaficha kwa gari." Kisha akanishika mkono. "Baba anakuulizia, you know. He told me everything. He says wewe ndiye the only one who kept his secret. You should come."

Nilikwenda juzi, Alhamisi. Nyumba yake iko Tyseley, karibu na kiwanda kile; baiskeli imesimama ukumbini, magurudumu hayana upepo. Nahodha alikuwa kwenye kiti karibu na redio, amepungua, jezi za zamani zingemzidi. Inhela ilikuwa mezani, wazi, kando ya rimoti.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Umenenepa."

Tukaongea juu ya malori, juu ya mvua, juu ya nani amerudi nyumbani. Binti akaleta chai na mandazi. Akaniwekea sahani, akasema kwa furaha, akimwangalia baba yake, "See, Baba? Loyal. Mtu kama huyu humpati tena."

Nikauona mkono wa mzee juu ya kiti. Sijui kama alikusudia. Lakini kiwiko kilitikisika, mara moja, na safari hii sikutazama viatu.

"Sikunyamaza kwa ajili ya siri," nikasema. "Nilinyamaza nipate kikombe."

Binti akasimama na buli mkononi. Pumzi ya Nahodha ilisikika, inaingia, inatoka, na ule mluzi chini yake.

"Kiwiko ulikiona?" akauliza.

"Nilikiona."

"Aa." Akatikisa kichwa taratibu. "Mie nikijiambia hukukiona. Ulikaa pembeni, dirishani, jua likikupiga machoni. Miaka yote najiambia, lile jua lilimpiga."

Alikuwa amenitungia udhuru, akautunza miaka sita kwa uangalifu kama leso zake, na mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kwake kuuvunja. Nikalia. Hakunizuia, wala hakuniambia basi.

Nilipomaliza, akasema, "Hapa kwangu hapana haja. Mie najijua, na mwanangu anijua. Kawaambie wao."

"Nitawaambia, Nahodha. Jumapili, inshallah."

Akageuza kichwa. Macho yakawa yale ya zamani kabisa.

"Jumapili ipi?"

"Hii," nikasema. "Hii inayokuja."

Akamwambia binti alete daftari. Lilikuwa lilelile au ndugu yake, limekunjwa mara mbili. Mkono wake ulitetemeka kwa dawa, lakini aliandika jina langu na tarehe, akapiga mstari chini.

Leo ni Jumamosi. Nimejaza upepo magurudumu, nimetoa funguo kwenye kikombe na kukisugua. Katibu ameniambia bado wanakutana saa mbili asubuhi, na baada ya safari wanakaa chumba kilekile cha juu. Mjomba bado huja. Wengine ni wageni watupu, hawajui kitu ila kile kisa cha kuchekesha, na nitalazimika kuanza kwa kuwaambia mtu mwenyewe alikuwa nani. Ndiyo maana nimeandika haya kwanza.

Ile inhela ya akiba sikuwahi kuirudisha. Imekaa kwenye droo miaka yote sita, dawa yake imeshapita muda. Nimeitia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, palepale ilipokuwa siku ile. Kesho nitaiweka mezani kabla sijakaa.